Wasomaji wa Saa Saba

Nilipata kazi ya majaribio, miezi mitatu, kwenye maktaba ndogo ya kata huku Kang'ata. Kazi ilikuwa kuhesabu wasomaji kila saa na kuingiza idadi kwenye programu ya kompyuta. Mwisho wa mwezi takwimu zinakwenda Korogwe kwa mama msimamizi, na yeye ndiye angeamua kama nibaki.

Mimi naona haya kuwatazama watu usoni, hasa wakubwa. Ukimtazama mzee lazima umwamkie, naye atauliza habari za nyumbani, na hesabu imepotea. Lakini sakafu yetu hupigwa deki, kila mtu anavua viatu kibarazani. Nikawa nahesabu viatu, nagawa kwa mbili. Siku moja ilizidi kandambili moja. Nikaandika wasomaji tisa na nusu. Programu ikakataa nusu, nikampandisha akawa mzima.

Mwezi wa pili wa majaribio mama msimamizi akapiga simu.

"Saa saba mchana unajaza watu kuliko sisi wa mjini. Unawapa nini?"

"Vitabu, mama."

"Nakuja kuona. Nitakuletea na viti."

Alifika saa saba ile ile, na bodaboda ya pili imebeba viti vinne vya plastiki, vikashushwa kibarazani. Viatu vilijaa hadi ngazi ya mwisho: makobazi, yeboyebo, raba. Akatabasamu, akavua vyake, akaingia. Ndani alikuwemo mwanafunzi mmoja, amelala juu ya atlasi.

"Wako wapi?"

Msikiti umepakana nasi, na kibaraza chetu ndicho chenye kivuli. Watu wakaanza kutoka kuswali. Mzee mmoja akachungulia mlangoni.

"Samahani mama, viti vyako vimekalia makobazi yangu."

Mama alinitazama, akatazama viatu, akaelewa. Akanikalisha kwenye kompyuta nirekebishe. Nilipopunguza idadi, likatokea boksi jekundu: eleza sababu ya wasomaji kupungua.

"Jaza," akasema. "Ukweli mtupu."

Mimi huandika polepole. Alasiri ilipoadhiniwa ndipo nikamaliza: "Walikuwa msikitini. Nilihesabu viatu."

Alisoma, akacheka mpaka akashika meza.

"Viti naviacha, na wewe nakuacha. Kesho uhesabu watu. Uwatazame."

Alipoondoka nikamwandika yule mwanafunzi, msomaji mmoja. Kisha nikasita, nikaenda kumwamsha nimuulize kama alikuwa anasoma.