Baba Alisema Oili Niliyochagua Imeua Mashine

Ndugu mhariri na wasomaji wa ukurasa huu, jina langu naomba libaki kwenu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu shule ya bweni Shinyanga, na kwetu ni upande wa Buseresere. Ni mtu wa aibu. Hata darasani nikijua jibu huwa nainama, swali liwe la Kiswahili au la Kiingereza. Ndiyo maana nimeandika. Kwa mdomo nisingeweza.

Baba yangu ana mashine ya kusaga, ndiyo iliyokuwa ikitulisha na kunisomesha. Injini yake ni ya zamani. Miaka hii oili imeadimika, kwa hiyo huku kwetu watu wanatumia oili chafu: wanaikinga ikitolewa kwenye injini, wanaiacha itulie, wanaichuja kwa kitambaa, kisha wanairudisha. Kila mtu anajua inakula vyuma, lakini utafanyaje.

Mwanzoni mwa likizo hii, mzungu mmoja aliyekuwa akipima miamba alirudi kwao, akamwachia baba kopo kubwa la oili. Baba akaniita mashineni nimsomee, mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni na mahindi yao. Maandishi yalisema oili ile haikuchujwa tu kutoka mafuta ya ardhini kama hizi nyingine, imetengenezwa kwa kemia, haiharibiki upesi kwa joto, na inalinda vyuma vya injini visilike kwa muda mrefu.

Baba akachovya kidole, akasugua. Huku ndivyo oili inavyopimwa, na nzito ndiyo nzuri.

"Nyepesi kama mkojo wa ndama," akasema. Akina mama wakacheka. "Haya, msomi. Tuweke hii au ile tuliyoizoea?"

"Hii, baba."

"Sema wasikie."

"Hii."

"Mmemsikia. Mashine ikienda vizuri, anarudi shule. Ikifa, mimi sina tena cha kumsomeshea, nina binti tu. Na binti ana ng'ombe wake."

Wakacheka tena. Nami nikajua ni utani.

Oili aliiweka mwenyewe. Nilitaka kumfuata nikaone, akasema injini si mahali pa msichana. Hazikupita siku nyingi mashine ikanoki. Nilikuwa nyumbani, nikasikia ule mlio tuliouzoea umegeuka chuma kugonga chuma, halafu kimya. Fundi akasema beringi zimeungua, na vya ndani vimelika vibaya, hakuna cha kutengeneza. Baba alirudi, akakaa, hata hakugomba. Alisema tu, "Kiingereza chako kimeua mashine yangu," akaomba chakula.

Basi nikawa wimbo. Akina mama wamerudia kutwanga, na nikipita wananipisha kama mgeni rasmi. "Mpisheni aliyesaga injini." Mmoja alinishika mkono akanipa mchi. "Twanga, mwanangu, twanga na lugha yako hiyo." Nilitwanga. Nilikuwa naamini ni kosa langu. Usiku nilikuwa nayarudia yale maneno ya kwenye kopo, moja moja, nikitafuta ni lipi nililisoma vibaya.

Muda si mrefu baba akasema amepata mchumba wangu, mnunuzi wa dhahabu, mtu mzima mwenye mke na lori. Ng'ombe wataletwa pamba ikishauzwa. Sikubisha. Ningebishaje, na mashine nimeiua mimi?

Juma lililopita yule bwana alikuja na lori lake. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Ukishakuwa wangu utaacha hizo," akasema, akafungua boneti. "Njoo usikie injini inavyonong'ona. Tangu baba yako anipe ile oili ya mzungu, lori limerudi ujana."

Akachomoa kopo nyuma ya kiti. Lile lile, maandishi yake nayajua kwa moyo. Akaongeza kidogo. Ilishuka nyepesi, safi.

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama pale pale na wala hakukwepa macho yangu. "Oili nzuri haimwagwi kwenye chuma kizee," akasema. "Mletee mwenzio maji anawe."

Nilikwenda jikoni kwa mama. "Mayu, ulijua?"

"Nilijua. Ile chafu aliyoiweka niliichuja mimi, kwa kitenge changu." Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha. "Alisema nikifungua mdomo nirudi kwetu, wadogo zako wabaki. Wewe utakuwa na kwako. Mimi niende wapi?"

Ndugu zangu, siku wakwe wakija kuna desturi kwetu: binti huitwa mbele ya wazee wa pande zote akaulizwa kama amekubali. Hapo ndipo penye nafasi yangu, hakuna nyingine. Nikiyasema haya, wazee watamuumbua baba, ng'ombe watarudi, na mama atafukuzwa siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, shule imekwisha, nami nitakwenda na jina la aliyeua mashine, kwenye nyumba ya mtu anayeendesha lori kwa ile oili yangu. Na hata nikiamua kusema, sijawahi kusimama mbele ya watu ulimi usikauke.

Nyinyi mlio wakubwa, mlio na mabinti, niambieni niseme au ninyamaze. Msichelewe kunijibu, pamba imeshapasuka shambani na wanaoichuma ni mimi na mama. Nachuma taratibu kadiri ninavyoweza. Mama anachuma haraka.