Barua Iliyopasua Omena

Iko siku moja ambayo bado inanijia, mwanangu, hata nikiwa nafikiria mambo mengine kabisa. Ni siku niliyomlambisha fahali chumvi kule Ogwedhi. Nilikuwa kijana, darasa la tatu nimeliacha katikati, na kazi yangu ilikuwa kununua ng'ombe soko hili na kuwauza soko lile. Huyo fahali alikuwa mbavu tupu. Nikampa chumvi ya kutosha, kisha nikamwachia maji akanywa mpaka tumbo likawa kama pipa. Akaja mwalimu mmoja, kijana kama mimi, viatu vinang'aa, anatafuta ng'ombe wa mahari. Akamzunguka mara moja tu, akalipa, akaondoka naye. Mwalimu anajua vitabu, tumbo la ng'ombe halijui.

Soko lililofuata nilimwona anarudi, nikajificha nyuma ya lori la mbuzi. Lile lori lilikuwa la Mwislamu mmoja mwenye duka mjini, mtu mzuri ajabu, alikuwa akinipa chai na mahamri bila kuulizwa, lakini hiyo si habari ya leo. Mwalimu akanipata hapohapo nyuma ya lori.

"Wakwe zangu wako Sori," akasema. "Wananiuliza kama ng'ombe nilimwazima tumbo. Twende ukawajibu wewe."

"Nikurudishie pesa tu, mwalimu."

"Pesa nitapata zingine. Twende."

Nikaenda naye mpaka Sori, kule ufukweni mwa ziwa. Nikasimama mbele ya baba mkwe wake na ndugu zake nikasema kwa mdomo wangu, nilimlambisha chumvi. Wale wazee walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Halafu wakaninawisha mikono, wakaniketisha kwenye samaki, nikala huku jasho linanitiririka mgongoni. Nilirudi Ogwedhi nikawapelekea ng'ombe mwingine, mzima. Sikumfanyia mnyama mchezo ule tena. Na tangu hapo nikampenda yule mwalimu kuliko ndugu zangu wa damu. Sote tukamwita Japuonj, ndiyo mwalimu kwa lugha yetu, na jina hilo likamganda hata alipostaafu.

Alipostaafu akafanywa mwenyekiti wa bodi ya chuo cha wauguzi, hapa upande wa Migori. Akanitaka niingie kwenye bodi kama mtu wa jamii. Nikamwambia, Japuonj, mimi nasoma herufi mojamoja kama kuku anayedonoa. Akasema, "Masikio unayo. Njoo nayo."

Sasa chuo hicho kina nafasi chache zilizotengewa watoto wa ufukweni, wa wavuvi na wachuuzi wa samaki wasiojiweza. Msichana mmoja wa Sori, Achieng', baba yake alishafariki, alikuwa na alama nzuri na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Kisha likaondolewa. Mama yake anaanika omena, wale samaki wadogo unaowajua. Alikuja chuoni amevaa nguo yake ya Sabato, akakaa kwenye benchi la nje siku tatu. Kelele hakupiga. Kila aliyepita, yeye alimwambia, "Nionyesheni tu mtoto aliyemshinda wangu."

Masomo yalikuwa yaanze Jumatatu. Bodi ikaitwa. Katibu akasoma barua ya kumwombea yule mtoto aliyepewa nafasi hiyo. Ilikuwa barua ya kumliza mtu. Mtoto ni yatima, amelelewa Sori na nyanya yake, mjane ambaye kila asubuhi hupasua omena mmojammoja, huwatoa matumbo, ndipo akawaanika.

"Katibu, rudia hapo," nikasema. Akarudia.

"Omena gani anayepasuliwa? Samaki wa ukubwa wa kidole? Huyo nyanya anatumia kisu au wembe?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, maana kila mtu mezani pale alikulia kwenye samaki huyo. Omena humwagwa juu ya nyavu wakiwa wazima wazima, jua likamaliza kazi. Barua ile iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama Sori. Katibu akapiga simu mbili tatu, na kabla ya saa sita tulishajua. Nyanya hayupo. Mtoto ni wa Owuor, mwenye vituo vya mafuta Migori na Homa Bay, na amesomeshwa Nairobi shule za kulipia.

Owuor akaitwa, akaja, wala hakubisha. "Wazee wangu, nimekosa. Naona wasichana hapa hawana bweni. Nitajenga. Yaishe."

Nisikufiche, mwanangu, bweni lile lilinipendeza. Nililiona tayari na mabati yake. Mwenzetu mmoja akasema tukubali haraka kabla hajabadili nia. Mwingine akataka Owuor aozee jela na binti yake asisome popote mpaka kufa. Japuonj akawaacha waseme mpaka wakaishiwa.

"Mwaka jana mtu wa boda boda alituletea cheti cha kughushi cha mtoto wake," akasema. "Tulimfanya nini?"

"Tulimpeleka polisi," katibu akajibu.

"Tulimuuliza anaweza kujenga nini?"

Katibu akainamia karatasi zake, na Japuonj akaendelea.

"Basi Owuor atapita njia ileile, na mahakama itasema yake. Bweni sitaki hata tofali moja. Binti atoke leo. Barua hakuiandika yeye, kwa hiyo mwakani akitaka aombe kwa alama zake kama wenzake. Na wewe Owuor, kabla ya Jumatatu utakwenda Sori umwambie yule mama."

"Japuonj, siwezi kumtuma wakili wangu?"

"Wakili wako ndiye aliyemchukulia mtoto wa yule mama nafasi?"

Tulikwenda watatu, Owuor, Japuonj na mimi. Gari kubwa likabaki barabarani, Owuor akatembea kwenye mchanga na viatu vyake vya ofisini, wanawake wote wameinua vichwa. Mama Achieng' alikuwa amechuchumaa anageuza omena. Owuor akasema yote. Nikadhani tumemaliza. Kumbe Japuonj naye akavua kofia.

"Mama, ile barua ina sahihi yangu. Huyu Owuor nilimfundisha darasa la nne. Aliniletea kanisani nikatia sahihi bila kusoma."

Mama Achieng' akawatazama wote wawili. "Mtoto wangu anaanza Jumatatu?"

"Anaanza."

"Haya. Sasa sogeeni, mnanizibia jua."

Ndiyo sababu nimekuketisha hapa, mwanangu. Siku moja nawe utakaa kwenye meza ya kuamua mambo ya watu. Akija mwenye mali aliyekosa, mkumbuke wa mwisho asiye na kitu uliyemhukumu, umpe huyu hukumu ileile uliyompa yule, isizidi kwa chuki wala isipungue kwa zawadi. Kwanza lakini mrudishie aliyenyang'anywa, ndipo uhangaike na mnyang'anyi. Mtoto usimbebeshe mzigo wa mzazi. Na karatasi ikifika mikononi mwako, isome, hata kama imeletwa na mtu unayempenda. Mungu akupe macho ya kuona na moyo usionunulika, na watoto wako wakae kwenye viti walivyovipata wenyewe.

Tuliporudi chuoni siku ile, Japuonj aliweka muhuri wa bodi mezani, akaweka na funguo za ofisi juu yake. Tukamsihi abaki. Katibu akamwambia hilo lilikuwa kosa dogo tu la sahihi.

"Yule mama alikaa kwenye benchi siku tatu kwa hilo dogo," akasema.

Akavaa kofia yake. Akalipita lile benchi, akamsalimu askari wa getini kama kawaida, akashika barabara ya kwenda kwake. Tulituma watu mara mbili kumwita. Hakurudi.