Kitenge cha Mjukuu na Kunguni wa Njiani

Niliweka nadhiri jikoni kwangu, mwiko mkononi: binti yangu akijifungua salama, nitakwenda Kalemie kumshukuru Mungu kwa miguu, bila pikipiki wala treni. Mungu akatimiza upande wake upesi kuliko nilivyotegemea. Basi nikajiunga na akina mama wa parokia yetu ya Nyunzu waliokuwa wanakwenda kuhiji huko, kando ya ziwa, tukaifuata njia ya reli.

Binti yangu ameolewa huko huko Kalemie, na kwetu mwanamke akizaa, mama yake ndiye anayekuja kulala naye kitanda kimoja, mtoto katikati, mpaka apate nguvu. Kwa hiyo nilibeba kitenge kipya cha kumbebea mjukuu mgongoni. Kila tulipolala nilikikunja na kukiweka chini ya kichwa changu, kisiguse sakafu, na sala zangu zikiingie vizuri. Niliona nina akili sana.

Vijiji vya njiani vilitupokea vizuri. Kimoja kilitufungulia nyumba yake ya wageni, yenye vitanda vya mbao na magodoro ya majani, wenyeji wakatupikia hata samaki. Asubuhi, kwenye sala, nikaona kikundi kizima kinajikuna. Hata Mama Prezidenti, kiongozi wetu, alikuwa anataja mafumbo ya rozari huku anasugua mgongo kwenye nguzo. Mikono yangu ilikuwa na vipele vyekundu vilivyojipanga mstari. Nikafungua kitenge. Kwenye kunjo la katikati kunguni alikuwa ametulia, amenenepa, damu yangu tumboni mwake.

"Kunguni!" nikasema.

"Nyamaza, Mama," Mama Prezidenti akaninong'oneza. "Watu hawa wametupatia vitanda vyao. Utawatia haya?"

Nikanyamaza, lakini nilikasirika. Yeye alikuwa anarudi kwa mume mzee mwenye ngozi ngumu. Mimi nilikuwa nakwenda kulala ubavuni mwa mtoto ambaye hata kitovu hakijakauka vizuri.

Tangu hapo sikusali tena sawasawa. Wenzangu walikuwa wanaimba, mimi nakagua mishono. Jua lilipokuwa kali nilitandaza nguo zote juu ya mawe ya reli, yale yanayochoma nyayo, nikachuchumaa kuwasubiri kunguni watoke. Walitoka, nikawaponda kwa kokoto mmoja mmoja, tena kwa furaha ambayo msafiri wa hija hapaswi kuwa nayo. Lakini nani angenihakikishia kwamba wamekwisha? Unywele ukinigusa shingo, nilishtuka. Jasho likitambaa, nilivua blauzi porini. Nilimwomba Mungu jambo dogo tu: nisiwe mimi wa kumpelekea mtoto yule wadudu.

Tulipoingia Kalemie wenzangu walikwenda kanisani moja kwa moja. Mimi nikaenda kwa binti yangu, na kila nilivyokaribia nyumba yake hatua zilipungua. Alikuwa uani, mtoto mikononi, na kando yake mama mkwe wake ameketi kwenye kiti, amevaa vizuri ili kunipokea. Majirani nao walikuwa wamejaa. Binti yangu akaja mbio, akaninyooshea mtoto.

Nikarudi nyuma. Nikaificha mikono mgongoni.

Majirani wakatazamana. Bibi anayekataa kumpokea mjukuu mbele ya wakwe amesema neno zito kuliko matusi, na mimi nililijua hilo vizuri.

"Mama," binti yangu akasema, "sababu gani haumupokee mutoto? Unaona si mujukuu wako?"

"Nipe maji ya moto kwanza. Na nguo zako."

"Sababu gani?"

Mama mkwe alikuwa ameanza kusimama. Nilimwona anavyokaza kitenge chake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwa maneno. Uoga ukanizidi, nikapiga kelele mpaka kwa jirani wa pili wakasikia:

"Niko na kunguni! Wamenipanda njiani! Sitaki wamuume mutoto!"

Nilitaka ardhi inimeze. Binti yangu akamtazama mama mkwe wake, mama mkwe akatazama chini. Hakuna aliyecheka.

"Mama, ingia tu uone," binti yangu akasema.

Nikachungulia mlangoni. Kitanda kilikuwa kitupu, hakina godoro. Kila mguu wake ulikuwa umesimama ndani ya kopo la nyanya lililojaa mafuta ya taa, na mbao bado zilikuwa na unyevu wa maji ya moto.

"Matela ya kitanda tuliichoma jana," mama mkwe akasema polepole. "Tulisema, Mama wa Nyunzu akifika akiwakuta kunguni hapa, atamubeba mutoto wake na mujukuu, arudi nao kwao."

Nikaoga kwa maji yaliyonichubua ngozi, nikavaa nguo za binti yangu, ndipo nikampokea mtoto. Nikamfunua miguu ili nimwone vizuri. Kwenye paja lake kulikuwa na vipele vitatu vyekundu vilivyojipanga mstari, kama vyangu. Alikuwa amelala fofofo. Mimi ndiye niliyelia.