Mguu wa Bawaba

Katika miaka saba aliyosimama kwenye mlango wa chuma wa ukumbi ule, Bawaba aliwavunja watu pua, mbavu na, mara moja, miwani ya bwana mmoja aliyekuwa bado ameivaa. Hakuwa mtu wa hasira. Alipiga kama karani anavyogonga muhuri: mara moja, palipohitajika, bila kuangalia sura. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Hata mama yake aliwahi kumwita Bawaba mbele ya wageni, akaona haya, kisha akaona limemkaa vizuri.

Kosa lake kubwa la kikazi lilisababishwa na kinyozi. Mpiga rithimu wa bendi, yaani gita la kusindikiza, mtu wa nywele ndefu na ndevu za kuwatosha wanaume wawili, aliamka Jumamosi moja akanyoa zote. Alifika ukumbini saa tisa alasiri, onyesho limeshaanza, akaipita foleni na kuusukuma mlango.

"Mimi ni wa bendi."

"Wote ni wa bendi," Bawaba alimjibu, kwa kuwa ndivyo walivyosema wote. Akamshika kifundo cha mkono wa kulia, akakizungusha upande ambao hakikuumbwa kwenda. Kililia kama kijiti kikavu. Kisha akamtupa ngazini, akamfuata huko huko na kumkanyaga mgongoni ili asifikirie kurudi. Aliposikia anavyotukanwa ndipo alipomtambua. Sauti haikuwa imenyolewa.

Kiongozi wa bendi, mpiga gita la solo, alikuwa mjomba wake Bawaba, mtu mfupi ambaye alizidi kusema polepole kadiri alivyozidi kukasirika.

"Umenivunja mkono," mjomba alisema.

"Mkono ni wake, mjomba."

"Mwenye kuutumia nilikuwa mimi." Akamtazama mpwa wake kuanzia utosini hadi viatuni. "Dada yangu ananiambia una gita uvunguni."

Gita lilikuwepo. Kwa miaka saba macho yake yalikuwa kwenye foleni na sikio lake jukwaani. Alizijua nyimbo zote za bendi pamoja na makosa yake. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba alitamani kupanda pale juu, maana mtu wa mlangoni akichekwa siku moja, kazi imekwisha.

"Jumamosi ijayo unapanda wewe," mjomba aliendelea. "Uje na pedali zako. Mwenzako za kwake amezikalia, hazitoi. Ukiniaibisha, jukwaani unashuka na mlangoni hurudi."

Hapo pakawa na tatizo. Kutoka mlangoni vidole vya mpiga gita vinaonekana, miguu haionekani. Bawaba alijua kwamba wanamuziki wana visanduku fulani sakafuni, ndizo hizo pedali, na kwamba wakivikanyaga sauti inabadilika. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Mtu pekee wa kumfundisha alikuwa yule ambaye yeye mwenyewe alimkanyaga ngazini.

Alimkuta nyumbani, ameupakata mkono uliofungwa plasta ngumu kama mtoto wa mgeni.

"Nisaidie kuchagua pedali, kaka."

"Nitakusaidia," mpiga rithimu alisema upesi, upesi ambao ungempa wasiwasi mtu mwenye wasiwasi. Bawaba alifurahi.

Pedali ziliuzwa na Dada Waya, fundi wa redio na amplifaya, katika chumba kilichonuka moshi wa kulehemu. Alizipanga mezani na sakafuni: visanduku vya chuma vya rangi zote, kila kimoja na kitufe chake cha mguu. Bawaba alikwenda moja kwa moja kwenye chekundu chenye picha ya fuvu.

"Hicho kinakwaruza," mpiga rithimu alisema. "Mjomba wako akitaka kukwaruza, atakwaruza mwenyewe. Wewe ni rithimu. Kazi yako ni kusikika safi na kutoonekana."

"Lakini kizuri."

"Mwache ajaribu," Dada Waya alisema. Akachomeka gita, akakiweka kisanduku sakafuni. "Haya, kanyaga."

Neno ndilo lililomponza. Wanamuziki wakisema kanyaga wanamaanisha gusa kwa ncha ya mguu. Bawaba alilijua neno hilo katika fani nyingine. Aliinua goti hadi kifuani, akashusha kisigino. Kitufe kilizama, bati likafunuka, na nati moja ikaruka ikampasua Dada Waya juu ya jicho. Fuvu lilibaki linacheka, sasa kwa mdomo mpana zaidi.

"Nimesema kanyaga," Dada Waya alisema huku akifuta damu kwa kitambaa cha kufutia redio. "Sijasema ua. Hicho umeshanunua."

Cha pili kilivumilia mara mbili, kikafa.

"Ona," mpiga rithimu alisema, kwa sauti ya mwalimu aliyekata tamaa zamani. "Anayeanza, vinne vinamtosha. Tyuna, ikuambie gita lako linaposema uongo. Koras, mkono mmoja usikike kama miwili. Mwangwi. Na hii ya kijivu, kompresa. Noti inayopiga kelele inakabwa shingoni, iliyo nyonge inasukumwa mbele. Yaani ni wewe pale mlangoni, ila hii ina akili."

Bawaba aliguswa. Hakuna aliyewahi kuieleza kazi yake vizuri namna ile. Akasogea aitazame, mguu wa kulia umetangulia, ndani ya ndala. Mpiga rithimu alichukua pedali moja ya zamani, ya chuma, nzito kama tofali. Akaiinua kwa mkono wake mzima hadi juu ya kichwa na kuishusha, kwa ukingo, juu ya kidole gumba cha mguu ule.

Mfupa ulisema. Ukucha uliondoka na kwenda zake chini ya meza. Bawaba alitoa sauti ambayo hata wateja wake hawakuwahi kuitoa, kisha akamkamata mpiga rithimu kooni, akamnyanyua na kumbamiza kwenye rafu. Spika zilianguka, vioo vikapasuka. Kwa mkono wa pili alikishika kifundo cha kushoto, kile kimoja kilichobaki, akaanza kukizungusha.

Ndipo aliposikia joto. Dada Waya alikuwa ameweka chuma chake cha kulehemia karibu na sikio la Bawaba, karibu kiasi cha nywele kuanza kunuka.

"Mwachie," alisema. "Hajakuambia kama kompresa inakaa kabla ya koras au baada."

Bawaba alisita. Alishazuiwa kwa viti na kwa sala, lakini hakuwahi kuzuiwa kwa swali. Akalegeza vidole viwili, kiasi cha jibu kupita.

"Kabla," mpiga rithimu alikoroma. "Tyuna, kompresa, koras."

"Na mwangwi?"

"Mwisho, mnyama wewe."

Akamwachia. Wakakaa sakafuni katikati ya vioo, wakihema.

"Mimi nimetoa kifundo, wewe kidole," mpiga rithimu alisema akijipapasa koo. "Usinifanye niendelee."

Jumamosi mchana Bawaba alipanda jukwaani na kiatu kimoja. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, kidole kimefungwa vitambaa hadi kikawa kama kitunguu. Mlangoni mjomba alimweka mpiga rithimu, kwa hoja kwamba asiyepiga azuie.

"Kanyaga!" mjomba alisema katikati ya wimbo wa kwanza.

Goti la Bawaba lilianza kupanda kwa mazoea. Kidole kikamkumbusha. Akaushusha mguu taratibu, kama anaingia chumba alicholala mtoto mchanga, akakigusa kitufe. Taa ndogo ikawaka, na rithimu ikafunguka, safi, mikono miwili kwa mmoja. Mjomba hakugeuka. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Wimbo wa nne, mlevi mmoja alipanda jukwaani na chupa, akaipasua kwenye sikio la mpiga besi. Damu ikatiririka juu ya nyuzi, besi ikanyamaza. Ukumbi mzima ukamgeukia Bawaba, kwa mazoea ya miaka saba. Mikono ilimwasha. Hatua tatu tu, na yule mtu angekuwa hana taya. Na yeye angekuwa ameshashuka. Akakaza macho kwenye taa nne za sakafuni, akaendelea kupiga. Rithimu peke yake ikaubeba wimbo.

Mpiga rithimu alikuja mbio kutoka mlangoni.

"Mimi ni wa bendi!" mlevi alipiga kelele.

"Wote ni wa bendi," mpiga rithimu alisema, akamshushia plasta kisogoni kwa nguvu zote. Mlevi aliacha meno mawili jukwaani. Plasta ilipasuka kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na kifundo ndani yake kikavunjika upya.

Daktari aliongeza wiki sita. Bawaba alimpelekea mgonjwa machungwa, akasikitika kwa muda unaostahili, halafu akamuuliza kama mtu anaweza kuuweka mwangwi kabla ya koras, kwa kujaribu tu.

"Jaribu," mpiga rithimu alisema, akikitazama kidole gumba cha mguu wa kushoto.