Cheti Kimesharudi, Lakini Seva Nimeiacha Nusu

Admin, naomba ufiche jina langu na la kazini kwangu, huku kwetu tunajuana sana. Wakubwa wote humu shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, sijaolewa, sina mtoto. Nimezaliwa Dongobesh kwenye familia ya wafanyabiashara wa Kiislamu, na sasa ni mtu wa kompyuta kwenye hospitali moja ndogo ya shirika, huku Manyara. Niko peke yangu kwenye kitengo. Wenzangu wananijua kwa printa tu: ikikwama naitwa, ikipona wananisahau. Saa ya chai wanapiga stori kwa Kiiraqw, na changu ni cha dukani, kinaishia kwenye bei na chenji. Wakicheka na mimi natabasamu, kisha naosha kikombe changu narudi kwenye chumba cha seva.

Mwaka huu makao makuu waliniagiza nifunge seva ya utambulisho. Kwa lugha rahisi, ni mashine inayomjua kila mfanyakazi kwa jina na nywila yake, na inajua nani anaruhusiwa kufungua nini. Ili iaminike kwenye shirika zima, lazima iwe na cheti kilichosainiwa na makao makuu. Kwa hiyo ukiifunga inasimama katikati, inakupa faili la ombi, unalituma, unasubiri. Cheti kikirudi ndipo unaendelea.

Anayesaini ni kaka mmoja ambaye sijawahi kumwona. Utaratibu wake ni mkali: hasaini kitu mpaka akupigie simu, umsomee kwa sauti ule mstari mrefu wa herufi na namba unaotambulisha ombi lako, naye anarudia kila moja, asije akasaini ombi la mwizi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo kwa jinsi sauti ilivyokuwa nzito, akaitika marahaba bila aibu. Nikaanza kusoma. Herufi zikawa zinapotea kwenye simu, basi nikawa nasema A ya Arusha, B ya Babati, D ya Dongobesh. Hapo akanisimamisha akauliza Dongobesh ni wapi. Jamani, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwetu kukoje. Nilimweleza baridi yetu, vitunguu, duka la baba, mpaka salio lake likaisha.

Cheti cha kwanza kilikataa. Alikuwa amekisaini kama cha kompyuta ya kawaida, wakati changu kinatakiwa kiiruhusu seva yangu nayo kusaini vyeti vya mashine nyingine. Alicheka, akaomba radhi, nikatuma ombi jipya, tukasoma upya. Safari hii akasema mwenyewe, "D ya Dongobesh," kabla sijafungua mdomo. Akaniambia pia niache kumwamkia, huenda mimi ndiye mkubwa. Cheti cha pili kilikuja bila faili la cheti cha juu yake, lile linaloonyesha nani kamwamini nani, na bila hilo seva haiendelei. Ikawa simu nyingine. Nikajikuta navaa vizuri siku ambayo najua atapiga, kama vile ananiona.

Wiki iliyopita faili zote mbili zilifika, na safari hii ziko sawa. Nilizikagua mara tatu. Kilichobaki ni kuandika amri moja na kusubiri muda wa kunywa chai, na mimi sijaiandika mpaka leo. Nikimaliza ombi linafungwa, na cheti chenyewe kina miaka kabla ya kuhitaji kingine. Bosi nimemwambia mtandao unasumbua. Nimedanganya, na ninaumia.

Ninaumia zaidi kwa sababu ya nesi mmoja mtu mzima, Mama P. Wodini bado wote wanaingia kwenye mfumo kwa jina moja na nywila moja. Juzi dawa imeandikwa kimakosa kwa mgonjwa aliyeletwa kutoka Yaeda Chini. Ashukuriwe Mungu iligundulika kabla hajapewa, lakini Mama P. ameitwa ofisini kujieleza, na anaapa zamu ile hakuwepo. Hakuna wa kuthibitisha, maana mfumo unaonyesha jina lile lile la wote. Alinifuata kwenye chumba cha seva. Nilimwamkia, akaitika, akakaa, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo mashine yako ya kujua watu itakuwa tayari lini?" Nikamwambia mtandao. Akasema, "Mungu akusaidie, uko peke yako hapa." Alipotoka nililia.

Jana yule kaka alipiga. Akauliza mbona seva yangu haionekani hewani na faili amezituma siku nyingi. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, mtandao wa huku ni mbaya.

"Mbona leo tunasikilizana vizuri?" akasema.

Akaniambia nikimaliza nimjulishe afunge ombi, akaniaga. Sijui alikuwa ananitania, ananisubiri, au anataka tu kumaliza kazi yake. Sijui kama ana mke. Sijawahi kumuuliza, kwa sababu kila tulipoongea kulikuwa na kitu cha kusoma, na hicho kilinitosha.

Msinitukane kuhusu Mama P., najua. Kesho asubuhi nikifika naandika ile amri, seva isimame, kila nesi apate jina lake. Hilo sihitaji ushauri. Ila baada ya hapo lazima nimpigie kaka wa watu nimwambie kazi imekwisha, atasema hongera, ombi atalifunga, na sitakuwa na kitu cha kumsomea. Ninyi mliozoea kuongea na watu, hebu nifundisheni: baada ya hongera yake, niseme nini ili asikate simu?