Tanga Langu ni la Pembe Tatu, Mkipenda Msipende

Leo nimefukuzwa kwenye mbio za matanga ya pembe tatu, eti tanga langu lina pembe nne!

Yawa, jamani, mniambie kama mimi ndiye mjinga hapa.

Tulikuwa na mbio za mashua huku ufuoni Kisegi. Tanga langu ni la magunia ya sukari, na kona ya mbele ilikuwa imeoza. Jana nikaikata na mkasi, nikashona ukingo. Basi.

Mwamuzi, mzee mmoja kutoka Rodi, akahesabu pembe kwa kidole. "Moja, mbili, tatu, nne. Nyar Kosele, nenda kundi la pembe nne." Ndivyo wanavyoniita huku, binti wa Kosele.

Kundi lenyewe halikuwa na mtu mwingine!

Nikamwambia, "Jaduong', mzee wangu, tanga hujulikana kwa ule mti wake mrefu unaolala mshazari kwenye mlingoti. Wewe ukikatwa kidole, tutakuita mtu mwingine?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwenu Kosele ni mahindi tu. Mambo ya tanga ulijulia wapi?"

Sawa. Tukaanza wote pamoja, mimi peke yangu kwenye kundi langu, na nikawapita wote.

Akaniita nichukue zawadi ya pembe nne. Nimeikataa mbele ya watu. Sibebi zawadi ya mbio ambazo sikuingia.

Saa hii wanaume wawili niliowashinda wako mlangoni kwangu, wanaomba ule mkasi niliokatia kona.

Nimewauliza, "Mnaenda kukata tanga gani?"

"La pembe tatu, mama."

Nimewapa. Sasa mwamuzi aje ahesabu tena.