Prosesa ya Fundi Sofa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sofa, na nusu ya mtaa ilimcheka. Mtu mzima, mvi kidevuni, kila Jumapili mchana anajifungia chumbani na kompyuta ya gemu kama kijana asiye na kazi! Wacheke tu. Hawakujua kuwa mle ndani ya gemu ndimo alimokuwa akikutana na mdogo wake, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, akamsomesha kwa kushona viti vya watu. Mdogo huyo sasa aliishi nchi ya mbali, na simu za kaka yake alikuwa hapokei. Sauti yake ilipatikana kwenye gemu tu, wakipigana vita vya kubuni pamoja na rafiki zake wawili.

Kisha gemu likaongezwa mambo mapya, kompyuta ikaanza kukwama. Wenzake wako uwanjani zamani, yeye bado anatazama duara likizunguka.

"Kaka, unatuangusha," mdogo wake akamwambia. "Bila prosesa mpya hatutafika."

Akaibeba kompyuta hadi kwa Mama Waya, fundi wa kompyuta asiyejua kubembeleza mteja. Mama Waya akaliwasha gemu, akamwonyesha vipimo pembeni mwa skrini.

"Ona, prosesa, ubongo wa mashine, inahema, kadi ya picha imekaa bure. Ipo ya bei nafuu inayoingia humuhumu. Lakini sikudanganyi, kaka yangu. Kwa mashine kuukuu hivi, wengi wangekwambia ni hasara. Unacheza na nani?"

"Na mdogo wangu."

"Basi nunua."

Mkewe hakuelewa. "Cherehani yako imeungua mota, mguu wako mbovu, wewe unainunulia kompyuta akili!"

"Mota itasubiri. Damu ni nzito kuliko maji."

Mkewe akasonya, akaondoka. Fundi Sofa akaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu unaouma, na alikuwa na furaha, tena furaha ya kweli.

Jumapili ikafika. Gemu likafunguka kufumba na kufumbua, naye akajikuta uwanjani, nyuma ya ukuta, kabla wenzake hawajamtarajia. Walishazoea kumsubiri, na katika kumsubiri huko walikuwa na maongezi yao. Alifungua mdomo awasalimu.

"Mzee bado?" mmoja akauliza.

"Bado duara linamzungukia," akajibu mdogo wake, wakacheka. "Acheni tupumue kidogo."

"Si ulimwambia anunue prosesa?"

"Nilimwambia nikijua hawezi. Nilidhani atachoka mwenyewe. Ananiganda kama kupe yule."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakusomeshwa na mtu. Fundi Sofa angeweza kumtukana, na alikuwa na haki. Angeweza pia kuizima kompyuta, akaenda kuomba arudishiwe pesa zake. Lakini Jumapili ijayo angeisikia wapi sauti ile?

Akangoja kiasi kilekile alichokuwa akingoja zamani, huku gemu likimtazama, jepesi, halikwami hata kidogo. Kisha akakohoa.

"Jamani, samahani. Mashine bado inanisumbua."

"Pole, kaka," mdogo wake akasema kwa upole. "Si nilikwambia ubadilishe prosesa?"

"Nitabadilisha," akajibu.